Usingizi wa Mzee Popo

Tulimwita Popo kwa sababu alitoka jua likizama na kurudi jua likichomoza. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, hakuna mpangaji wa jengo letu aliyeweza kuapa kwamba amewahi kumwona saa sita mchana akiwa amesimama wima. Jina lilianzishwa na watoto. Sisi watu wazima tuliongeza "Mzee" mbele yake ili lipate heshima kidogo, na mwenyewe alilipokea bila kinyongo, hata akawa akibisha hodi kwa mtu anajitambulisha hivyo hivyo: "Ni mimi, Popo."

Jengo lenyewe lilikuwa la kawaida, la ghorofa mbili, vyumba vimezunguka ua wa saruji. Uani palikuwa na bomba moja, karo la kufulia, kibanda cha seremala na kamba za nguo zilizopishana kila upande. Mzee Popo na mkewe walipanga vyumba viwili vya chini, na dirisha la chumba cha kulala lilitazama bomba. Aliyewahi kupanga anaelewa maana yake. Bombani ndipo habari zote za mtaa zilipopokelewa, zikatiwa chumvi na kusambazwa, na kila neno lilimfikia kitandani kama vile ni yeye aliyekuwa akisimuliwa.

Kazi yake ilikuwa tanuri. Hakukanda unga wala hakukata madonge. Wa kazi hiyo walikuwa wengine. Yeye alisimama mbele ya mlango wa chuma, akaingiza sinia za mikate kwa koleo refu la mbao, akazigeuza, akazitoa, mpaka kukapambazuka. Asubuhi alirudi na mfuko wa mikate iliyopinda au kupasuka, ile ambayo kiwanda kisingeweza kuiuza, akamkabidhi mkewe, akaoga, akapanda kitandani.

Mwanzoni hakuwa akilala. Alijigeuza huku na huku wakati ndoo zikigongana bombani, seremala akipiga misumari, na watoto wakigombania mpira chini ya dirisha. Siku moja alikwenda kazini macho yamemwiva, akasinzia akiwa amesimama, na mkono wake wa kulia ukagusa ukingo wa tanuri. Kovu alibaki nalo, refu, kutoka kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko.

Mkewe hakulia mbele ya watu. Alimfunga dawa, akamlisha, akamlaza, kisha akajitanda nguo yake nzuri na kupita mlango kwa mlango. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyezoea kuomba. Kila mlango alisema maneno yale yale: mume wangu asipolala, tanuri litammaliza, nisaidieni mpaka saa nane mchana. Halafu aliomba jambo la pili ambalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza, nalo ni kwamba mwenyewe asiambiwe. Alimjua vizuri. Mumewe alikuwa mtu ambaye akigundua anawapa watu taabu, atabeba godoro lake akalale kwenye magunia ya unga kiwandani.

Watu wakakubali. Sijui kama walidhani ni kwa wiki moja au mbili, lakini wiki zikawa miezi na miezi ikawa miaka, na mambo yakazoeleka. Ndoo zetu tuliziweka kwenye vitambaa. Tulipofua, hatukupiga nguo kwenye karo, tulizikamua. Mtu akigombana na mkewe asubuhi, waligombana kwa kunong'ona, na nakwambia ugomvi wa kunong'ona haudumu, mmoja lazima aseme "Unasemaje?" na hapo hasira yote inapotea. Mpangaji mpya akihamia, kabla hajafungua hata sanduku moja, mke wa Popo alikuwa tayari mlangoni pake, kidole cha mkono mmoja kwenye midomo, na mkate uliopinda kwenye mkono wa pili. Watoto wakampa naye jina. Walimwita Mama Shii.

Ila waliotushangaza sote ni watoto wenyewe. Mpira waliucheza kila siku, wa matambara ili usidunde kwa kishindo, na walicheza kwa ishara kama watu walio nyuma ya kioo. Goli likiingia, mfungaji alikimbia uani mikono juu na mdomo wazi, wenzake wakamrukia, wakaanguka chini wote wakigaragara kwa furaha, na sauti isitoke hata moja. Wageni wa jengo walisimama kwenye ngazi wakitazama, wasijue wacheke au waondoke.

Mzee Popo hakujua hili wala lile. Alilala usingizi wa pono. Kazini, wenzake walipolalamikia kelele za mitaa yao, yeye aliwaambia kwa kujidai kwamba ana bahati, amepata jengo la watu waliotulia.

Kisha akastaafu.

Kiwanda kiliwapa wazee wake keki kubwa, hotuba fupi na saa ya ukutani. Mzee Popo alirudi nayo asubuhi kama alivyozoea kurudi na mikate, akaitundika juu ya kabati, akalala. Alipoamka mchana, alikaa pembezoni mwa kitanda, akatazama viatu vyake vya kazi, akamuuliza mkewe sasa anatakiwa kufanya nini. Mkewe akamwambia ale kwanza.

Jioni ile ile Mama Shii alipita tena mlango kwa mlango. Safari hii alikwenda kushukuru. Alitushika mikono, akasema mzigo umeshushwa, mume wake sasa atalala usiku kama binadamu wengine, na sisi tuko huru. Alipanga kumweleza mumewe mambo yote akishatulia. Siku zikapita, kila siku akaona hapana, leo amechoka, leo amenuna, nitamwambia kesho.

Na hakika alikuwa amechoka, maana usiku nao ulimshinda. Wale wawili walikuwa wameoana miaka mingi, wamezaa na kulea watoto wawili na kuwaozesha, lakini kitanda walikuwa wakipokezana. Hata siku zake za mapumziko, Mzee Popo alizoea kukesha sebuleni na redio ndogo sikioni. Sasa, kwa mara ya kwanza, walilala pamoja, na ikajulikana kwamba Mama Shii hulala amekatiza kitanda kutoka pembe hadi pembe, magoti yamekunjwa, na akiguswa anapiga teke. Yeye naye aliapa kwamba mumewe hakoromi, bali anasaga mawe. Asubuhi walikaa mezani na vikombe vyao vya chai kama watu waliosafiri usiku kucha kwenye basi bovu.

"Mimi kitanda changu nimekizoea," Mama Shii alimwambia msusi wa mlango wa pili. "Huyu ni mgeni."

Basi Mzee Popo akaamua kufidia usingizi mchana. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Seremala, aliyekuwa ameshika nyundo kwa tahadhari tangu ujana wake, sasa alianza kugonga tangu asubuhi, tena akifuatisha mdundo. Msusi alinunua redio yenye spika mbili na kuiweka kizingitini, na wateja wake wakawa wanacheka mpaka vitana vinawadondoka. Ndoo zilirudi kwenye saruji. Mtu wa ghorofa ya juu aligundua kwamba anaweza kumwita mkewe aliye bombani bila kushuka ngazi. Nami sijitoi, nilikuwa na mashine ya kushonea iliyolegea miguu, ikilia kama gari la zamani, na siku zile niliikanyaga bila huruma.

Mzee Popo alifunga dirisha. Akaziba masikio kwa pamba. Akafunika kichwa kwa mto, jasho likamtoka. Alimuuliza mkewe jengo limeingiliwa na nini, na mkewe, ambaye ulimi ulikuwa umemfia mdomoni, alijibu tu kwamba watu wanabadilika.

Mambo yalifika kileleni kwenye mkutano wa wapangaji. Tulikutana uani siku ya mapumziko, viti vimetolewa vyumbani, kuzungumzia bomba lililokuwa likivuja. Mazungumzo ya bomba yalipoisha, Mzee Popo aliinua mkono akaomba kusema. Wengi wetu hatukuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu. Alisimama, akakohoa, akashika mgongo wa kiti.

Alisema amekaa hapa miaka mingi na siku zote amejivunia majirani zake. Alisema jengo hili lilikuwa la watu wastaarabu, na kwamba haelewi ni kitu gani kimetupata ghafla, karibu na wakati ule ule aliostaafu. Hakumtaja mtu, lakini alitazama kibanda cha seremala, kisha spika za msusi, kisha akanitazama mimi. Tulitazama saruji. Mama Shii alikuwa amekaa nyuma yake, ameziba mdomo kwa ncha ya nguo yake.

"Waliobaki na adabu hapa ni watoto peke yao," akaendelea. "Nimewatazama jana. Wanafunga goli, wanashangilia, na husikii kitu. Ni watoto gani katika mji huu wanaofanya hivyo? Watu wazima tujifunze kwao."

Msusi alijizuia kadiri alivyoweza. Alibana midomo, akainama, mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe kicheko kikamtoka puani. Akafuata seremala. Likafuata jengo zima. Hatukuwa tukimcheka kwa ubaya, lakini mtu anayechekwa na watu wote hana njia ya kulijua hilo. Mzee Popo alisimama na mkono wake wenye kovu juu ya kiti, akitugeukia mmoja mmoja, na ule uso wake ukanifanya nijutie kicheko changu.

Mama Shii aliinuka, akamshika kiwiko. "Baba watoto, twende ndani," alisema. "Kuna jambo nilitakiwa nikwambie zamani."

Mazungumzo yao ya siku ile alitusimulia Mama Shii mwenyewe baadaye. Alimkalisha kitandani, akamweleza tangu siku ya kuungua: milango aliyopita, alichoomba, jinsi watu walivyokubali, mikate ilivyogawiwa. Alimwambia kuhusu vitambaa chini ya ndoo. Alimwambia hata lile jina ambalo watoto walimpa yeye, Mama Shii. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, akitazama dirisha.

"Kwa hiyo watu wote walijua, ila mimi," alisema.

"Wewe ulikuwa umelala," mkewe akamjibu.

Jibu hilo lingeweza kumchekesha siku nyingine. Siku ile lilimchoma. Alisema amefanywa mtoto mchanga, ambaye akilala watu hunyata. Alisema alikuwa akitembea kwenye ua ule kifua mbele, kumbe kila aliyemsalimu alikuwa anamvumilia. Mkewe hakubishana naye. Alimwambia kitu kimoja tu, kwamba katika miaka yote ile hajawahi tena kumfunga dawa ya moto, na kwamba kama ingebidi kuomba upya, angeomba upya.

Mzee Popo alikaa ndani siku nzima iliyofuata. Jengo likaingiwa na aibu, nyundo ikanyamaza, redio ikazimwa, tukarudi kwenye kunong'ona bila kuambiwa na mtu. Kwa mara ya kwanza kimya kile kilikuwa kizito. Siku ya tatu akatoka, amevaa shati la kutokea, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha seremala.

Seremala alikuwa mtu wa maneno machache, mnene, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipomwona, aliweka msasa chini. Mzee Popo alimuuliza bila kuzunguka: kwa miaka yote hiyo, asubuhi zake alizifanyia nini, ikiwa nyundo haikuruhusiwa?

Seremala akajikuna kichwa. Akamvuta ndani, akamwonyesha kiti kilichokuwa kinasubiri rangi, akamwambia atafute msumari. Mzee Popo alikigeuza, akakikagua chini na ubavuni, asiuone hata mmoja.

"Mwanzoni nilikuwa nagongelea tu, kama watu wote," seremala alisema. "Ulipoanza kulala, nikawa asubuhi sina la kufanya. Nikajifunza kuchonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ubao ule, viingiane vyenyewe. Niliharibu mbao nyingi, jirani. Sasa watu wanavuka mji mzima kufuata viti hivi."

Mzee Popo alikaa kwenye kile kiti. Walikaa muda mrefu wakizungumza habari za miti, ipi inapasuka kwa jua na ipi inakubali patasi, na mwishoni ikaonekana kwamba wote wawili wanajua harufu ya mti mkavu unapoanza kushika moto, mmoja kwa kuuogopa na mwingine kwa kuupenda.

Kwa msusi mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa sababu msusi hakuwahi kuwa na jambo zito maishani mwake. Alimwita shemeji, kwa kuwa Mama Shii alikuwa kama dada yake, akamvutia kigoda katikati ya wateja. Alimwambia ana deni la shukrani kwake. Alipoanza kusuka pale, wanawake walikuwa wakipiga kelele kama masokoni, na kwa ajili ya Popo ikabidi wafundishwe kusema polepole. Kumbe mwanamke akisikia wenzake wananong'ona, anaamini kwamba hapo pana siri zinazotunzwa, naye anakuja kuleta ya kwake. Wateja wakajaa.

"Na siri zenyewe ulizitunza?" Mzee Popo akauliza.

"Shemeji, nimesema waliamini," msusi akajibu, na safari hii yeye Popo ndiye aliyeanza kucheka.

Alipita kila mlango, kama mkewe alivyopita. Kwangu alikunywa chai, akaitazama mashine yangu, akarudi na kopo la mafuta na bisibisi, akaikaza miguu. Haikulia tena vile. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kuupenda ule mlio.

Waliobaki ni watoto. Aliwangojea jioni walipokuwa wakicheza, akasimama kando ya goli, ambalo lilikuwa mawe mawili. Bao likaingia. Mfungaji, kijana mmoja mwenye magoti yaliyochubuka, akakimbia na mdomo wazi, kimya, wenzake wakimfuata. Mzee Popo akawaita wote. Akawaambia kuanzia leo wanaruhusiwa kushangilia kwa sauti. Wakamtazama. Akarudia. Wakatazamana wao kwa wao, kisha wakarudi uwanjani, na bao lililofuata wakalishangilia vile vile, kama samaki.

Si kwamba walikuwa wakaidi. Hawakujua. Walizaliwa wakaukuta mchezo hivyo, na kwao kuinua mikono bila sauti ndiyo furaha yenyewe. Mmoja alijaribu kusema "Goli," akalisema kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, kisha akaona haya.

Sasa hebu mfikirie yule mzee, shati la kutokea, kovu mkononi, mtu ambaye maisha yake yote uani pale alikuwa jina tu na mlango uliofungwa. Aliomba mpira. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaupiga ukapita katikati ya mawe, kipa akiwa ametazama pembeni. Kisha akanyanyua mikono yote miwili, akavuta pumzi na kupiga ukelele ambao ulimfanya mtu wa ghorofa ya juu kutoa kichwa dirishani akidhani kuna moto. Alizunguka bomba. Alizunguka karo. Alipita chini ya kamba akatoka na soksi ya mtu begani. Watoto walibaki wameduwaa, mpaka mdogo wao kabisa, msichana ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo, akakimbia nyuma yake akipiga kelele, na hapo wote wakafunguka. Sote tulitoka milangoni. Mama Shii alikuwa anaanua nguo. Alizikumbatia kifuani, akatazama, na sikuweza kujua kama analia au anacheka, maana alikuwa anafanya vyote.

Baada ya hapo Mzee Popo akawa mtu wa mchana. Haikumjia kirahisi. Jua lilimuumiza macho, akanunua kofia yenye ukingo mpana. Aliandamana na mkewe sokoni akibeba kapu, na alishangaa kuona kwamba duka alilolijua siku zote likiwa limefungwa milango ya chuma ni duka la viatu. Alijaribu kuoka mkate nyumbani, tukaufurahia kabla hatujauonja. Kumbe mtu aliyesimamia tanuri maisha yake yote hajui unga unapimwaje kwa ajili ya watu wawili. Ulitoka mgumu kiasi kwamba seremala aliomba apewe aupige randa. Mama Shii alimwambia aache, watanunua dukani kama watu wengine.

Miezi michache baadaye chumba cha juu ya kwao kilipata mpangaji mpya, binti muuguzi, anayefanya zamu za usiku. Mzee Popo alipomwona asubuhi akipanda ngazi, viatu mkononi, mgongo umeinama, kitu kilimshika moyoni. Hakumwambia binti mwenyewe. Alizunguka jengo zima, sauti ya chini, akituomba yale yale tuliyowahi kuombwa. Tulinung'unika, sikufichi. Msusi alitazama spika zake kama mtu anayeaga ndugu kwenye kituo cha treni. Lakini nani angemkatalia Popo? Tukatoa vitambaa tukaweka chini ya ndoo.

Kwa siku kadhaa jengo likarudi kama zamani. Ndipo muuguzi akashuka, mchana kweupe, macho yamemvimba, akamkuta Mzee Popo mlangoni akimkanya mtoto kwa kidole.

"Shikamoo, baba," alisema. "Samahani, hapa pana msiba?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kwa nini?"

Binti akaeleza kwamba halali. Siku aliyokuja kukiona chumba, jengo lilikuwa limechangamka, nyundo, redio, watoto, naye akasema moyoni, hapa nimefika. Wodini kwake, alisema, watoto wakilia na wagonjwa wakipiga soga, muuguzi anaweza hata kukaa akapumzisha miguu. Kimya kikiingia, anaruka. Kimya maana yake pana mtu wa kwenda kutazamwa. Sasa kila akifumba macho, jengo likinyamaza, moyo unampiga, anaamka, anatoka kwenda kuangalia nani kazidiwa.

Mzee Popo alimsikiliza na kofia yake mkononi. Alikuwa amejiandaa kumfundisha mengi: kitambaa cheusi dirishani, maji baridi miguuni, kutokunywa chai ya asubuhi. Hakuna lililohitajika. Aligeuka, akamwita seremala kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akamwambia apige nyundo, binti anataka kulala. Seremala hakuuliza maswali. Msusi tayari alikuwa ameshabonyeza kitufe cha redio. Muuguzi alipanda ngazi, na Mama Shii, aliyempelekea chakula baadaye, alisema alimkuta amelala fofofo, hata viatu hajavua.

Mwaka huu wamebadilisha kitanda. Seremala aliwatengenezea kipana, cha mbao zilizoingiana zenyewe, ili Mama Shii akatize apendavyo na mzee apate pa kuweka mbavu. Mateke yamepungua, anasema. Kukoroma bado.

Kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, hata mumewe, ni sauti ya Mama Shii. Baada ya miaka ya kunong'ona tulidhani ndivyo alivyoumbwa. Taratibu akaanza kuimba akiosha vyombo, kwanza kwa sauti ya chini, kisha wazi wazi, na sasa anaimba mpaka ghorofa ya juu wanajua sufuria gani imebaki. Hana sauti nzuri. Anapanda pasipo na ngazi na kushuka pasipotarajiwa, na maneno akiyasahau anaweka ya kwake, mara nyingi kuhusu mumewe na kofia yake.

Juzi asubuhi nilipita kwao kuazima mkasi. Dirisha lilikuwa wazi, jua limefika hadi mezani. Mzee Popo alikuwa amekaa na kikombe chake, amekielekeza kiti jikoni, anasikiliza. Nilimsalimia, nikamuuliza kama amelala vizuri. Aliinua mkono nisubiri kidogo, wimbo umalizike. Ulichukua muda. Kisha akaniambia nivute kiti, chai ipo.